Dakika Sitini na Saba

Dena Jefwa aliletwa kutoka seli saa mbili na nusu asubuhi, viatu vikiwa miguuni bila kamba. Inspekta Raiya Farjallah alimwonyesha kiti, akamsubiri akae, kisha akaligeuza daftari la hospitali limwelekee.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu, afande."

"Na pembeni yake pameandikwa saa ngapi?"

Dena aliinama akasoma kwa kidole. "Saa saba na dakika thelathini na moja mchana."

"Kutoka Malindi hadi Mikoroshini ni mwendo wa dakika arubaini. Wewe ulifika saa tisa na dakika ishirini. Ulikuwa wapi na ile damu?"

"Sikuwa nayo. Nilikuwa dirishani pale hospitali, nasubiri nipewe."

"Na sahihi?"

"Sahihi nilitia mwisho, waliponipa mfuko. Saa niliikuta imeshaandikwa. Sisi madereva hatuandiki saa, tunatia sahihi tu."

Jibu lilikuwa lile lile la Jumatatu, karibu neno kwa neno. Raiya alikuwa na miaka kumi na minne katika upelelezi, na alijua kwamba mtu anayerudia maneno yale yale huenda ameyakariri, au huenda hana mengine ya kusema.

Siku tano zilikuwa zimepita tangu Kadzo afariki. Alikuwa mwalimu wa chekechea, umri wake miaka ishirini na sita, na Ijumaa ile alijifungua salama mtoto wa kike katika Kituo cha Afya cha Mikoroshini, mbele ya Jilore. Baada ya kujifungua damu ilikataa kukata. Muuguzi aliomba mfuko wa damu kwenye benki ya damu ya Hospitali ya Shamsi mjini Malindi, na gari la kampuni ya usafirishaji ya Rahima likatumwa kuupeleka. Lilipofika, Kadzo alikuwa ameshafunikwa shuka. Watu wa Mikoroshini nusura walichome gari pamoja na dereva wake. Sasa mahakama ilikuwa imewapa polisi hadi Alhamisi kumfungulia Dena mashtaka ya kusababisha kifo au kumwachilia, na leo ilikuwa Jumatano.

"Kifaa cha gari kinaonyesha injini ilizimwa zaidi ya saa nzima," Raiya alisema. "Mara ya mwisho gari lilikuwa mtaa wa nyuma ya hospitali. Dadako anakaa mtaa huo huo."

Dena alitazama mikono yake.

"Jumatatu uliniambia hujapita kwa dadako kabisa. Jirani yake ameliona gari la Rahima limesimama mlangoni."

"Si siku hiyo."

"Siku gani?"

"Alhamisi. Nilimshushia gunia la unga. Kampuni haitaki tubebe vitu vya watu, ukishikwa unafutwa kazi. Ndiyo maana nilikana." Aliinua uso. "Afande, hilo nilidanganya. Lakini Ijumaa sikuondoka pale dirishani. Niliwapigia ofisini mara mbili, wakaniambia ngoja."

Simu zile mbili zilikuwapo kwenye kumbukumbu za simu yake, Raiya alikuwa ameziona. Lakini mtu anaweza kupiga simu akiwa popote. Kamera ya lango la hospitali ilikuwa mbovu tangu mwezi uliotangulia, na askari wa lango alisema magari ya wagonjwa na ya damu huingia na kutoka bila kuandikwa. Alimwita konstebo amrudishe Dena seli, akachukua funguo za gari.

Emily Pola alikuwa mhadhiri katika chuo kikuu mjini Kilifi, na kazi yake ilikuwa kuchimba michakato. Raiya alipolisikia jambo hilo mara ya kwanza hakulielewa, mpaka Emily alipomweleza kwa mfano: kila mara mtu anapobonyeza kitufe au kujaza fomu kazini, anaacha alama, kama nyayo kwenye mchanga. Ukizikusanya nyayo za siku nyingi, mashine inaweza kukuchorea njia ambayo kazi imepita kweli, hata kama si ile iliyobandikwa ukutani.

Jumatatu Raiya alikuwa ametoka mahakamani na amri tatu: moja kwa kituo cha afya, moja kwa hospitali, moja kwa kampuni ya magari. Kila mmoja alitoa kumbukumbu zake za miezi minne, majina ya wagonjwa yakiwa yamefutwa na namba zimewekwa mahali pake. Kila mmoja alisema kwake hakuna kasoro. Na kweli, Raiya alipozipitia moja moja, hakuiona.

"Karibu, Inspekta. Usiku sikulala vizuri kwa sababu yako," Emily alisema akimsogezea kiti mbele ya kioo cha kompyuta. "Tatizo la kwanza lilikuwa majina. Kituo kinahesabu kwa namba ya ombi. Hospitali inahesabu kwa namba ya mfuko. Rahima wanahesabu kwa namba ya safari. Ni kama watu watatu wanaokusimulia harusi moja, na kila mmoja anamwita bibi harusi jina lake."

"Ukawaunganishaje?"

"Kwa sanduku. Damu husafiri ndani ya sanduku la baridi, na kila sanduku lina namba. Dereva anaiandika anapoondoka, muuguzi anaiandika anapopokea. Namba ya sanduku na tarehe, basi safari sitini na tatu zikasimama wima, kila moja na matukio yake yote."

Alibonyeza, na kioo kikajaa visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Ombi limetumwa. Damu imethibitishwa. Gari limepangwa. Damu imetolewa. Gari limefika. Mishale mingine ilikuwa minene, kwa kuwa safari nyingi zilipita hapo, na mingine myembamba kama uzi.

"Halafu saa," Emily aliendelea. "Sista wa Mikoroshini ameandika gari lilifika saa tisa na dakika thelathini na moja. Kifaa cha gari kinasema saa tisa na ishirini."

"Hilo nimeliona. Nikafikiri sista anaongeza dakika ili kujikinga."

"Hapana. Angalia safari zote za Mikoroshini. Tofauti ni dakika kumi na moja, haipungui, haizidi. Kompyuta yao iko mbele, ndiyo hivyo. Hakuna anayejikinga."

Raiya alilifuta jina la muuguzi kwenye orodha iliyokuwa daftarini mwake. Kisha akauliza kuhusu Alhamisi, na Emily akamfungulia safari za gari la Dena. Alhamisi saa kumi alasiri gari lilisimama mlangoni kwa dada yake dakika sita. Ijumaa lilisimama upande wa hospitali, hatua mia moja kutoka hapo, na halikusogea. Jirani alikuwa ameona kweli, ila alichanganya siku.

"Hilo linamtoa kwa dadake," Raiya alisema. "Halimweki dirishani. Anaweza kuzima gari akaenda atakako kwa miguu, damu imo ndani."

"Subiri kidogo." Emily alivuta kitini sanduku la buluu, moja kati ya yale sita ambayo Raiya alikuwa ameyachukua Rahima siku iliyotangulia. Alifungua kifuniko na kugusa kidude cheupe kilichobandikwa ndani, kidogo kama kiberiti. "Hiki ni kipimajoto. Kila dakika moja kinapima na kuhifadhi. Kiwandani wamekiweka ili mtu akitaka kujua kama damu iliharibika njiani aweze kuangalia. Niliwapigia Rahima, hawakujua hata kwamba kinahifadhi."

Raiya aliinama akakitazama kidude kile.

"Sanduku likiwa limefungwa, ndani ni nyuzi nne. Ukifungua kifuniko uweke mfuko, joto linapanda hadi nyuzi tisa, kumi, halafu linashuka tena. Kwa hiyo najua kila mara lilipofunguliwa." Emily alishusha sauti bila kukusudia. "Ijumaa sanduku la Dena lilifunguliwa mara mbili tu. Saa nane na dakika thelathini na nane. Na saa tisa na dakika ishirini na mbili."

Raiya aliandika namba mbili, moja juu ya nyingine, akatoa. Saa saba na thelathini na moja daftarini. Saa nane na thelathini na nane sandukuni. Dakika sitini na saba.

"Huenda kidude kina hitilafu," alisema, kwa sababu wakili yeyote angelisema hilo.

"Nililiwaza. Nikalinganisha safari zote. Katika hamsini na mbili, daftari la hospitali na sanduku vinapishana dakika mbili au tatu, ambazo ni za kawaida. Katika kumi na moja vinapishana kuanzia dakika arubaini hadi zaidi ya saa. Masanduku tofauti, madereva tofauti." Aliugusa mshale mmoja mwembamba. "Njia hii haimo kwenye kumbukumbu za hospitali peke yake, wala za Rahima. Inaonekana ukiziweka pamoja tu. Na zote kumi na moja ni Jumanne au Ijumaa, kati ya saa sita na saa tisa mchana."

"Kwa nini Jumanne na Ijumaa?"

"Hilo mashine haijui."

Raiya alitoa simu akampigia Janet, muuguzi wa Mikoroshini. Alikuwa na swali moja ambalo hakuwahi kumwuliza.

"Sista Janet, ile Ijumaa, ulipoona damu inachelewa, ulifanya nini?"

"Nilipiga simu Shamsi." Sauti ya Janet ilikuwa imechoka. "Saa nane na dakika tano, iko kwenye simu yangu hapa. Akaniambia aliyepokea, sista, hapa kwenye kompyuta inaonyesha imeshatoka, iko njiani. Nikamwambia mamake Kadzo, vumilia, iko njiani."

"Angekuambia haijatoka, ungefanya nini?"

Raiya alisikia Janet akifunga mlango upande wa pili.

"Gari la chanjo lilikuwa uani," Janet alisema. "Lina mafuta, dereva yupo. Ningempakia nikamleta Malindi mwenyewe. Saa tisa kamili tungekuwa tumeshafika. Afande, ndiyo saa aliyokata roho."

Hospitali ya Shamsi ilikuwa safi na baridi, sakafu inang'aa. Raiya hakwenda moja kwa moja benki ya damu. Alisimama ukumbini akasoma vibao kama mgonjwa asiyejua aanzie wapi: kliniki ya macho Jumatatu, kliniki ya meno kila siku, upasuaji wa kupangwa Jumanne na Ijumaa. Alikisoma kibao hicho cha mwisho mara mbili, akakipiga picha.

Dirisha la kutolea damu lilikuwa mwisho wa ukumbi. Hapakuwa na kiti. Mkuu wa benki ya damu, Habib, alikuwa mtu mzima wa Malindi mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amesoma chuoni na marehemu babake Raiya.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Ami, leo nimekuja kikazi. Una haki ya kumwita wakili kabla hujanijibu neno."

Habib alivua miwani. "Uliza."

Raiya aliitandaza karatasi mezani, ule mchoro wa visanduku na mishale. Alieleza polepole sanduku linavyopima joto, akaweka kidole kwenye saa mbili.

"Kipimajoto hicho ni cha kichina," Habib alisema. "Hakitegemewi."

"Kimekubaliana na daftari lako mara hamsini na mbili. Kimekataa mara kumi na moja, zote siku za upasuaji. Kinajuaje leo ni Ijumaa?"

Habib alijifuta uso kwa leso.

"Mwandiko wa saa ni wako, ami. Kumi na moja zote."

"Ni wangu."

"Mfuko ulikuwa wapi saa saba na nusu?"

"Chumba cha upasuaji." Aliitazama karatasi. "Siku za upasuaji wanataka damu ya kundi lile adimu ikae kwao, tayari, lolote likitokea. Mara nyingi hawaitumii. Wakimaliza wanairudisha. Ijumaa ile waliirudisha saa nane na nusu, haikuguswa. Nikamkabidhi dereva."

"Na ombi la Mikoroshini lilipokuja, kwa nini hukusema damu haipo?"

"Kuna mkataba na vituo vya vijijini. Damu itoke ndani ya nusu saa. Ikipita, kompyuta, inayojazwa kutoka daftari langu, inageuka nyekundu, na taarifa inakwenda kwa mkurugenzi. Nyekundu zikizidi, tunatolewa kwenye mpango. Mkurugenzi aliniita mwezi wa pili, akaniambia, Habib, sitaki kuona nyekundu, na sitaki daktari wa upasuaji alalamike. Nikamwambia mfuko mmoja hauwezi kukaa mahali pawili. Akaniambia, wewe ni mtu mzima, utajua la kufanya."

"Alikuandikia?"

Habib alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa amri ya kuweka akiba ya damu chumba cha upasuaji Jumanne na Ijumaa, yenye muhuri na sahihi. Kuhusu saa za uongo haikusema kitu.

"Hili la saa ni langu peke yangu," alisema. "Nilijiambia dakika chache hazimdhuru mtu, dereva atangoja, damu itafika. Sikufikiri kwamba huko mwisho wa njia kuna mtu anayesoma ninachoandika na kukiamini."

"Dereva amelala seli siku tano."

"Najua."

"Ulijua, ami?"

"Nilisikia redioni." Aliivaa tena miwani. "Kila asubuhi nilivaa nije kituoni. Nikifika pale njia panda nageuka nakuja kazini."

Raiya aliikunja ile amri akaiweka daftarini mwake. Alikuwa na swali moja zaidi, na hakutaka kuliuliza.

"Wale kumi wengine?"

"Saba nilisikia walipona."

"Na watatu?"

"Sikuuliza," Habib alisema.

Raiya alitoka naye kwa mlango wa pembeni, bila pingu. Ndani ya gari Habib aliomba asipitishwe sokoni, na Raiya akazunguka njia ya mbali.

Alhamisi asubuhi hakimu alisoma maelezo ya Raiya kwa dakika kumi, akamwachilia Dena Jefwa. Dena hakupiga vigelegele wala kushukuru mtu. Aliomba kamba zake za viatu, akakaa kwenye ngazi za mahakama akazitia moja moja. Habib aliandikisha taarifa mbele ya wakili. Mkurugenzi wa Shamsi aliitwa kwa mahojiano na akatuma ujumbe kwamba yuko Nairobi, naye Raiya akaomba amri ya kumleta. Kisha akafungua majalada mapya matatu. Kwenye jalada la kwanza hakuwa na jina la kuandika, ila namba ya ombi na kituo lilikotoka. Alimtuma koplo akatafute majina.

Alasiri akaenda Jilore. Hakuna sheria iliyomtaka aende.

Ngumbao, mume wa Kadzo, alikuwa akipalilia mihogo nyuma ya nyumba. Alipomwona alitua jembe, akanawa mikono kwa maji ya dumu, akamletea kiti kivulini mwa nyumba. Ndani mtoto alilia, na hawe yake, mamake Kadzo, akamtuliza kwa sauti ya chini. Raiya aliamkia, akatoa pole, kisha akaeleza yote kwa utaratibu: daftari, sanduku, chumba cha upasuaji, mfuko ulioondoka na kurudi bila kuguswa. Hakuacha hata simu ya saa nane na dakika tano. Aliona Ngumbao ana haki ya kuijua.

Ngumbao alisikiliza huku akitoa udongo kwenye kucha.

"Kwa hiyo ilikuwapo," alisema. "Damu ilikuwapo, Malindi."

"Ilikuwapo."

"Na yule dereva alikuwa wapi?"

"Amesimama dirishani. Saa nzima na zaidi. Pale hapana hata kiti."

Kuku walipita kati yao. Hawe akatoka na mtoto begani, akasimama mlangoni kuwatazama.

"Siku ya mazishi mamake alikuja," Ngumbao alisema. "Mamake dereva. Alitoka Mariakani na kanga mkononi, amekuja kuzika. Mimi nilimfukuza. Mbele ya watu wote, kabla hajamaliza hata salamu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, mama mkwe anasikia."

Ngumbao alionyesha njia kwa kidevu.

"Alienda kusimama barabarani kule, juani. Hakuondoka mpaka tulipomaliza kuzika. Watu waliniambia baadaye."

Aliinuka, akaingia ndani. Raiya alimsikia akifungua sanduku la nguo. Alipotoka alikuwa amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya kukaa muda mrefu, na viatu mkononi.

"Mama," alimwambia mama mkwe, "nipe mtoto."

"Wampeleka wapi na jua hili?"

"Mariakani. Kuna mtu hakupewa nafasi ya kutoa pole." Alimpokea mtoto, akamfunika uso kwa pindo la leso, akamgeukia Raiya. "Afande, unarudi na gari. Utanifikisha hadi barabara kuu?"

"Nitakufikisha kwake," Raiya alisema, akamfungulia mlango.